Polisi wa Marekani hawaombi hela barabarani, sasa hiyo rushwa yao inayosemwa iko wapi?

Kijana wa Mbagala:
Wakuu habari za muda huu. Naomba kueleweshwa na mlioko huko au mnaofatilia haya mambo kwa karibu. Mdogo wangu amepata chuo Baltimore, anaondoka mwezi wa nane, na mama hana amani kabisa, tangu aone ile video ya George Floyd mwaka 2020 Marekani kwake ni askari mwenye goti shingoni mwa mtu. Sasa nikiuliza waliokaa huko wananiambia trafiki wa kule hapokei hata senti, ukimuwekea noti ndani ya leseni unalala ndani wewe. Halafu nikisoma habari nakuta Baltimore, Chicago, New Orleans, New York zinatajwa kwa rushwa ya polisi na vipigo miaka nenda rudi. Haya mawili yanakaaje pamoja? Kama hawali hela ya dereva wanakula ya nani? Na kwa nini askari anaua mtu na kesho yuko nyumbani kwake? Sitaki ushabiki wa Trump na Biden, nataka mtu anieleze mambo yanavyoenda.

Wamalwa_Bmore:
Buda swali lako ni la maana sana, na kwa vile ni Baltimore acha nikueleze kesi ya hapa hapa maana watu wa hii mji hawajaisahau na hawataisahau leo wala kesho.

Kulikuwa na kikosi kinaitwa Gun Trace Task Force, kazi yake ilikuwa kutafuta bunduki haramu. Askari wa nguo za kiraia, hawavai yunifomu, wanazunguka na magari ya kawaida. Tarehe 1 Machi 2017 saba kati yao walishikwa siku moja na FBI, wapelelezi wa serikali kuu, na wengine wakafuata. Kilichotoka kotini hata sisi tuliokuwa tunawaogopa tulishangaa. Hawa wasee walikuwa majambazi wenye beji. Wanasimamisha gari, wanakuta jamaa ana dola elfu ishirini, wanaandika elfu kumi kwenye ripoti. Wanaingia nyumba za watu bila kibali cha mahakama, wanabeba pesa na dawa za kulevya, halafu zile dawa zinauzwa tena mtaani kupitia jamaa mmoja mwenye biashara ya kudhamini watuhumiwa. Kuna siku 2016 walivunja sefu ya mtu wakakuta kama dola laki mbili, wakachukua nusu, wakaifunga tena, halafu wakawasha kamera ya simu wakajirekodi wanaifungua kama ndio mara ya kwanza. Fikiria hiyo akili. Na kwenye gari walikuwa wanabeba bunduki za kuchezea, za kumuwekea mtu pembeni kama watampiga risasi na yeye hana kitu.

Kiongozi wao, Sajenti Wayne Jenkins, alipewa miaka 25. Daniel Hersl na Marcus Taylor walikataa makosa wakaenda trial, wakapata miaka 18 kila mmoja. Huyo Jenkins, wakati wa fujo za Aprili 2015 baada ya Freddie Gray kufa mikononi mwa polisi na maduka ya dawa yakavunjwa, yeye alijaza dawa zilizoporwa kwenye mifuko akampelekea yule jamaa wa kuuza. Yaani mji unaungua na yeye yuko biashara.

Na bado sijaongea ovataimu. Wanaandikisha masaa wako kazini na kumbe wako nyumbani, mmoja yuko likizo baharini. Hiyo ni pesa ya ushuru, ya mimi na wewe ukija.

Sasa jibu la swali lako. Yule karao wa barabarani haombi kitu kidogo kwa sababu anamsimamisha mtu yeyote, anaweza kuwa mwalimu, anaweza kuwa daktari, anaweza kuwa jaji. Huyo ataenda kumshtaki na atasikizwa. Hawa wa GTTF, yaani kile kikosi cha Gun Trace, walikuwa wanachagua. Wanamtafuta mtu ambaye amewahi kufungwa, au anauza kweli, kwa sababu wanajua huyo akisimama kotini akasema niliibiwa na polisi hakuna mtu atamuamini. Hapo ndipo pesa iko salama. Na walikuwa wanasifiwa! Wakubwa walikuwa wanataka bunduki ziondoke mtaani, mji ulikuwa unapita mauaji mia tatu kwa mwaka tangu 2015, na hawa ndio walikuwa wanaleta bunduki nyingi, nani atauliza wanazitoa vipi? Hersl alikuwa na malalamiko mengi ya raia kwa miaka na bado akawekwa kikosi cha kuheshimika.

Na hawakushikwa kwa sababu mtu wa ndani aliamka akaona aibu. Wapelelezi walikuwa wanasikiliza simu za wauza heroini, sauti ya askari ikaingia.

Binti Kigoma:
Wamalwa umeeleza vizuri sana kaka yangu. Mimi niko Chicago upande wa kusini, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na nataka kusema kwamba hata ile rushwa ya kwetu ya kudai hela mkononi ipo, ila haipo barabarani. Ilikuwa kwenye maghorofa ya watu maskini.

Kulikuwa na nyumba za serikali zinaitwa Ida B. Wells Homes, zimeshabomolewa sasa. Sajenti mmoja Ronald Watts na timu yake walikuwa wanakusanya hela kwa wauza dawa wa pale, unalipa unaachwa, hulipi unabambikiwa. Na siyo wauzaji tu, hata mtu aliyekuwa anapita ngazini kwenda kwa mama yake, akiwajibu vibaya anakutwa na pakiti ambayo hajawahi kuiona maishani. Watu walisema, wakasema mahakamani kabisa, majaji wakawaona waongo. Mwaka 2012 ndio akashikwa kwa kumuibia mtu ambaye kumbe alikuwa mtoa habari wa FBI. Unajua alipewa kifungo cha muda gani? Miezi 22. Wale aliowabambikia walikuwa wamekula miaka na miaka! Mpaka sasa hukumu zaidi ya mia mbili zimefutwa kwa ajili yake na timu yake, na 2025 jiji likakubali kulipa dola milioni 90 kumaliza kesi zao 176.

Askari wawili wenzake, mwanamke na mwanaume, ndio waliosaidia FBI kumchunguza, na wao walitengwa kazini, wakaitwa wasaliti, ikabidi waishtaki idara yao wenyewe. Jiji likawalipa milioni mbili 2016. Yaani mtu mwema ndani ya polisi anapata tabu kuliko mwizi.

Halafu kuna Jon Burge, na hili naomba msome taratibu. Alikuwa mpelelezi na baadaye kamanda wa polisi hapa Chicago, kuanzia miaka ya sabini mpaka 1991. Yeye na watu wake walitesa zaidi ya wanaume mia moja, karibu wote weusi, ili wakiri makosa. Shoti ya umeme kwenye mwili kwa kijimashine cha kuzungusha na mkono, kufunikwa kichwa na mfuko wa plastiki mpaka hewa inakata. Wengine walihukumiwa kifo kwa maneno waliyotamka wakiwa kwenye maumivu hayo. Gavana George Ryan aliwasamehe wanne wa hao mwaka 2003. Burge alifukuzwa kazi 1993, lakini kwa mateso yenyewe hakushtakiwa maana muda wa kisheria ulikuwa umepita, walikuja kumpata kwa kosa la kusema uongo chini ya kiapo, 2010, akafungwa miaka minne na nusu, na pensheni yake aliendelea kuila mpaka amekufa 2018. Mimi hiyo pensheni inaniuma kuliko vyote.

Chicago angalau 2015 ilipitisha sheria ya kuwafidia waliobaki hai, dola milioni tano na nusu, na historia hiyo inafundishwa darasa la nane na la kumi kwenye shule za umma. Kuna mzee ninayemhudumia alikuwa anakaa karibu na kituo cha watu wa Burge, akisikia king'ora bado anazima taa.

Kijana wa Mbagala:
Dada Kigoma na kaka Wamalwa asanteni mno, nimesoma mara mbili. Lakini hapo kwenye malalamiko ndio sielewi. Marekani si kuna mawakili kila kona? Kwa nini mtu asiende kulalamika mapema? Na hizo milioni tisini anazilipa nani, askari mwenyewe?

Msomi wa Houston:
Ngoja nikujibu la hela kwanza maana ndio kiini.

Askari halipi. Sheria ya kumshtaki ofisa wa serikali aliyevunja haki zako ipo tangu 1871, ilitungwa kuwalinda weusi wa kusini baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini kuanzia 1967 Mahakama ya Juu kabisa ya kule ilianza kuwapa askari kinga fulani na 1982 ikaiongezea nguvu. Kwa leo maana yake ni hii, hata kama askari alikuonea, kama hakuna kesi ya nyuma inayofanana sana na yako iliyosema jambo hilo ni haramu, jaji anaweza kuitupa kesi kabla hata haijasikilizwa. Ikipita hapo, jiji ndilo linalolipa. Familia ya Floyd ililipwa dola milioni 27 na jiji la Minneapolis, familia ya Breonna Taylor aliyepigwa risasi nyumbani kwake Louisville usiku wa Machi 2020 ikalipwa milioni 12. Hela hizo zinatoka kwa walipa kodi, wakiwemo majirani wa marehemu. Askari mfukoni kwake hapungukiwi kitu, na chama chao cha wafanyakazi kina mkataba na jiji, akifukuzwa anakata rufaa kwa msuluhishi na wengi wanarudishwa, au anahamia mji wa jirani anaajiriwa upya. Nchi ina vyombo vya polisi kama elfu kumi na nane, kila kimoja na bosi wake, hakuna IGP mmoja wa nchi nzima kama mlivyozoea huko.

Kuhusu kulalamika. New Orleans, Oktoba 1994, mama mmoja anaitwa Kim Groves aliona askari akimpiga kijana mtaani kwao, akaenda kuripoti kama raia mwema. Ilitakiwa iwe siri. Askari aliyelalamikiwa, Len Davis, akaambiwa ndani ya siku moja, akapiga simu kwa muuaji, na Kim akapigwa risasi karibu na nyumba yake, mama wa watoto watatu. FBI walikuwa wanarekodi simu ya Davis kwa kesi nyingine ya kokeini, walielewa alichokuwa anaongea wakati Kim ameshakufa. Sasa ukiwa jirani yake umeona hayo, utaenda kuripoti?

Halafu kuna rushwa ambayo siyo ya askari kabisa, ni ya mji. Ferguson, Missouri, pale alipouawa Michael Brown 2014. Wizara ya Sheria ilichunguza ikatoa ripoti Machi 2015. Iligundua mji ulikuwa unawasukuma polisi waandike faini nyingi ili bajeti ijae. Watu zaidi ya elfu kumi na sita walikuwa na hati za kukamatwa kwenye mahakama ya mji wenye wakazi kama elfu ishirini na moja. Kuna mwanamke alipaki gari vibaya 2007, tiketi mbili, jumla dola 151 na ada juu. Miaka saba baadaye alikuwa ameshalipa dola 550, amelala jela siku sita, na bado alikuwa anadaiwa 541. Hapo hakuna aliyeomba chochote dirishani na kila risiti ni halali. Mimi naita rushwa, wenye kutaka jina jingine watafute.

Sajenti Mstaafu:
Nimevaa magwanda miaka mingi hapa nyumbani, naomba nisikilizwe. Mnazungumza kana kwamba kila polisi wa Marekani ni mwizi. Kule raia wana bunduki kuliko idadi ya watu, askari akisimamisha gari hajui kama atarudi kwa watoto wake. Mnasoma kesi kumi mnahukumu mamia ya maelfu ya askari. Na huyo kijana anayekwenda kusoma, akiwa na adabu na asipouza unga, nani atamgusa? Pia msifanye kila kitu rangi. Wale waliompiga Tyre Nichols pale Memphis Januari 2023 mpaka akafa walikuwa weusi watano.

Wamalwa_Bmore:
Afande shikamoo. Hiyo ya bunduki ni kweli na hakuna mtu hapa atakataa, makarao wanauawa. Na kwa rangi pia uko sawa kiasi, GTTF walikuwa mchanganyiko, weusi na wazungu wakiiba pamoja. Lakini angalia waliokuwa wanaibiwa, karibu wote walikuwa weusi wa mitaa ya maskini, na Tyre Nichols naye alikuwa mweusi. Kikosi kilichompiga kilikuwa kinaitwa SCORPION, kilianzishwa 2021 kwa ajili hiyo hiyo ya kupunguza uhalifu, nguo za kiraia, magari yasiyo na alama, presha ya namba. Kikavunjwa wiki chache baada ya kifo. Ile ya New York iliyomfyatulia Amadou Diallo risasi 41 mlangoni kwake 1999, kijana wa Guinea ambaye mkononi alikuwa na pochi tu, ilikuwa kikosi cha aina hiyo hiyo. Wale wanne wakaachiliwa wote. Vikosi vya aina hii vinavunjwa na baada ya miaka vinarudi na jina jipya, na meya mpya anapigiwa makofi. Kwa hivyo mimi sihukumu kila askari mzee wangu, nauliza kwa nini wanaviunda tena wakijua.

Na adabu haitoshi. Diallo alikuwa na adabu.

Mulongo wa Michigan:
Jambo kwenu wote. Mimi ni Mukongomani, niko Grand Rapids, Michigan, huku tuko wengi wa Kivu tunaongea Swahili kanisani na sokoni. Nimesoma mambo ya afande nikaona siwezi kunyamaza.

Patrick Lyoya alikuwa mutoto wetu wa hapa. Miaka 26, familia ilikimbia vita Congo ikafika Amerika 2014. Tarehe 4 Aprili 2022 asubuhi, mvua inanyesha, polisi mumoja anaitwa Christopher Schurr alimusimamisha kwa sababu pleti ya gari haikulingana na gari. Patrick akatoka ndani ya gari. Na hapa nataka muelewe vizuri, kwetu kama polisi anakusimamisha, unatoka, unamusogelea, unamusalimia, unaongea naye, ni heshima. Huku kutoka ndani ya gari bila kuambiwa ni vita. Polisi akamwambia arudi ndani, akamuuliza leseni, Patrick akaanza kuondoka, akakimbia kidogo, wakakamatana, wakapigania ile bunduki ya umeme ya polisi. Mwishoni Patrick alikuwa chini, uso kwa majani, polisi juu ya mugongo wake, akamupiga risasi moja nyuma ya kichwa. Kwa pleti ya gari.

Ndiyo, alikuwa amelewa, ilitoka kwenye vipimo, sitaki kuficha. Mutu mulevi unamupeleka kituoni alale. Video ilitolewa 13 Aprili. Baba yake alisimama mbele ya kamera za dunia akaongea Swahili, mutu akamutafsiria, na sisi tuliokuwa tunasikia bila mutafsiri tulilia kuliko wengine. Schurr alifukuzwa kazi akashitakiwa mauaji. Kesi ikaenda 2025, wale raia wa kuhukumu wakashindwa kukubaliana, mwezi wa tano mwendesha mashtaka akasema harudii tena. Imeisha hivyo. Yuko huru.

Mutoto alikimbia risasi za Kivu.

Kijana wa Mbagala:
Mulongo pole sana ndugu yangu, poleni familia yote ya hapo. Hili la kutoka kwenye gari nimelishika, maana huyu mdogo wangu ndivyo alivyolelewa, akisimamishwa na trafiki anashuka na kofia mkononi. Nimwambie nini kingine? Niandikieni kama mnavyowaambia watoto wenu wenyewe.

Mulongo wa Michigan:
Mwambie hivi. Ataona taa nyuma, asimame pembeni mahali penye mwanga, azime gari, afungue kioo, mikono yote juu ya usukani pale polisi anaiona. Asitafute leseni mpaka aulizwe, na akiulizwa aseme kwanza leseni iko mfuko huu naenda kuitoa, halafu aitoe polepole. Simu asiishike ghafla gizani. Asikimbie hata kama anaonewa, hata kama ni saa saba usiku na hajafanya kitu.

Msomi wa Houston:
Niongeze ya kisheria. Polisi akiomba kupekua gari, ana haki ya kusema kwa upole kwamba hakubali upekuzi, na asimzuie kwa mkono akipekua kwa nguvu, hilo wakili atashughulika nalo baadaye. Anaweza kuuliza kama yuko huru kuondoka. Akikamatwa aseme anataka wakili na anyamaze, asijieleze, watu wengi wasio na hatia wamejifunga kwa kujieleza. Asaini karatasi ya faini hata kama haikubali, kusaini siyo kukiri. Na asimpe askari hela kwa namna yoyote, hata kwa nia njema, huko ni kosa la jinai na kwa mwanafunzi wa viza ndio mwisho wa masomo.

Binti Kigoma:
Na akifika tu atafute watu wetu, Baltimore Waafrika Mashariki wapo, makanisa na misikiti ipo. Kuwe na mtu mzima mmoja mwenye namba yake na yeye aikariri namba ya huyo mtu kichwani, siyo kwenye simu, maana ukikamatwa simu inachukuliwa. Mama naye mpeni hiyo namba. Wamalwa, kama uko tayari nitakuandikia pembeni nikuunganishe na kaka mtu kabla ya mwezi wa nane.

Wamalwa_Bmore:
Niko tayari sana dada. Niandikieni, nitamchukua airport mwenyewe.